Mipira ya Juu Chini ya Taa

Riyadh, Mfunguo Nane 1398 Hijria

Kwa mama yangu kipenzi, Bi Saleha, Kandara, Jeddah.

Shikamoo mama, na amani ya Mungu iwe nawe na nyumba nzima. Goti lako limepoa? Mwambie dada Wahida asikuache upande ngazi na kapu la soko. Mimi nakula, nalala, na joto la huku nimeshalizoea, ingawa vumbi la majengo linaingia mpaka kwenye chai. Kila ukiamka unakuta ghorofa jipya mahali palipokuwa mchanga mtupu.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kwa nini redioni hawanitaji tena, na kama ni kweli alivyosema mtangazaji, kwamba yule beki wa Jeddah ni mwoga. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikueleze yote kwa pamoja.

Mwanzo wenyewe unaujua. Klabu iliponichukua na kunipa mshahara wa kucheza mpira tu, ulilia kwa furaha na hofu pamoja. Miezi ile ya kwanza ilikuwa asali. Tulicheza alasiri, na upande wangu wa kushoto hakupita mtu. Watu walinisimamisha njiani kunipa mkono. Mwoka mikate wa mtaani alikuwa akinifungia mkate wa moto na kuapa kuwa ni zawadi.

Kisha uwanja ukatiwa taa, na mechi zikahamia baada ya isha. Mama, mpira wa chini niliuona, lakini ukipigwa juu ulipotea hewani, kisha ukanitokea umeshanipita. Siku moja tulifungwa mabao mawili, yote kupitia juu ya kichwa changu. Jukwaa zima likanizomea. Kocha wetu, Mbrazili mpole, akaniuliza kwa kinywa cha mkalimani kama naogopa kugongana na watu. Nikasema siogopi. Alitikisa kichwa, na wiki iliyofuata nikawekwa benchi. Nikabaki huko.

Aliyenishtukia ni Badawi, golikipa wetu, mtoto wa Kizanzibari kama sisi, tunayelala naye chumba kimoja. Asubuhi moja aliniona nikimimina chai nje ya kikombe. Hakucheka. Aliniambia nifumbe jicho la kulia, akanyoosha mkono, akauliza, "Vidole vingapi?" Mimi hata mkono sikuuona.

Hilo ndilo nililokuficha, mama. Jicho langu la kushoto halioni. Daktari amesema mshipa wa nyuma yake ulikuwa ukinyauka taratibu tangu zamani, na halitarudi. La kulia ni zima kabisa, Alhamdulillahi, ila peke yake usiku haliwezi kupima umbali wa mpira ulio juu. Hakuna aliyenifanyia ubaya, basi usiende kwa mganga kutazamia.

Nilikwenda kwa kocha mwenyewe nikamwambia. Akasema mkataba mwingine hatakuwa na uwezo wa kunipa, ila akaniuliza kama ningependa kuaga uwanjani. Nikacheza mechi moja ya mwisho, Badawi akiwa golini nyuma yangu. Kila mpira ulipoinuka aliniita: "Ghalib, rudi nyuma!" au "Acha, wangu huo!" Nami nilimfuata bila kuuliza, kama nilivyokuwa nikifuata sauti yako gizani nilipokuwa mdogo. Hatukufungwa hata bao. Mtangazaji hakusema neno juu yangu, kwa hiyo hukusikia, lakini mama, nilicheza vizuri. Badawi alitoka sauti imemkauka. Sikujua nimshukuru vipi, nikamfulia jezi yake.

Narudi nyumbani kabla ya Rajabu. Sikufichi, nimelia sana. Sasa nimetulia. Meli zimejaa bandarini Jeddah, kazi haitakosekana, na nitakula tena wali wako badala ya kuuota. Badawi ameahidi kuja kututembelea, nami nimemwambia mama atamlisha mpaka ashindwe kuruka.

Nikifika, utaona nakuangalia huku nimegeuza uso kidogo upande wa kushoto. Usihuzunike, wala usidhani kuna mwingine ninayemtazama. Hivyo ndivyo ninavyouona uso wako wote.

Msalimie Wahida na majirani wa ngazi ya chini, mmoja mmoja. Nawe unitie katika dua zako kama siku zote.

Mimi mwanao,
Ghalib