Marhoon wa Darsait na Sarafu za Makasha

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu ulipotutoka Ijumaa ile baada ya sala ya alfajiri. Watu wengi wa Maskati walikujua kwa duka lako la sarafu la Darsait na kwa jicho lako. Sisi wa nyumbani tulikujua pia kwa wivu wako, na tunauandika hapa kwa sababu Mama amesema kumbukumbu isiyokuwa na wivu wako itakuwa ya mtu mwengine.

Ulikuwa na mkono wazi. Mgeni hakutoka dukani bila ya kahawa na halua, anunue asinunue. Mjane akileta sarafu za marehemu mumewe, ulimwambia ukweli wake hata kama unakuharibia biashara. Uliishika sarafu kwa ukingo, ukaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, ukaigeuza taratibu, kisha ukatamka neno moja: nzima, imechoka, au imeguswa, yaani imesuguliwa ing'ae. Pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye mizani, reale za Maria Theresa, rupia za kale, zote zilipita mkononi mwako, na neno lako lilitosha.

Pembeni yako, kwenye benchi moja, alikaa Mjomba Amur, kaka yake Mama. Mlikuja pamoja kutoka Unguja, mkafungua duka pamoja, ukamuoa dada yake. Mlibishana tangu mnafungua mlango mpaka mnafunga, na ulikuwa na furaha.

Halafu, katikati ya miaka ya tisini, Mjomba akaenda Dubai na kurudi na sarafu iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki. Akakueleza kwamba huko Marekani, kwa miaka kama kumi sasa, kuna kampuni ambazo haziuzi sarafu wala hazinunui. Kazi yao ni kutazama tu. Watazamaji kadhaa wanaipitia sarafu moja bila ya kujua ni ya nani, wanaipa namba kuanzia moja mpaka sabini, sabini ndiyo isiyo na kasoro, kisha wanaifungia kwenye kasha lisilofunguka ila kwa kuvunjwa. Kabla ya hapo, akasema, palikuwa na vyeti vyenye picha, lakini wajanja waliuza cheti kimoja na sarafu nyengine.

Uliligeuza lile kasha, ukamrudishia. Ukamwambia sarafu isiyoshikika ni sawa na maiti.

Mjomba hakubishana, na hilo peke yake lilikuudhi. Miezi michache baadaye alifungua ofisi mtaa wa Azaiba, akawa yeye ndiye anayekusanya sarafu za watu na kuzipeleka Marekani kupimwa. Wakusanyaji wakamfuata. Siku moja Bi Khole, aliyekuwa mteja wako tangu duka linafunguliwa, alikupa reale asikie unasemaje. Ukasema ni nzima. Akakushukuru kwa adabu, akaifunga kwenye leso, akauliza, "Na Amur anasemaje?"

Siku hiyo hukula. Mama akakuuliza una nini, ukajibu huna kitu, kisha ukamuuliza kama kaka yake siku hizi anapaka rangi ndevu.

Haikuwa husuda, Baba, maana hukumtakia mabaya hata siku moja. Lakini kila jema lake lilikuchoma. Akisifiwa gari, ulikumbuka kwamba hajui kuendesha vizuri. Watu wakijaa ofisini kwake, ulisema wanafuata kipoza hewa. Ikawa jina lake halitajwi mezani, na Mama, aliyejizuia kulitaja kuliko sote, ndiye aliyeumia.

Wewe ulikuwa na reale ya fedha ya Barghash aliyokuachia mama yako. Hukuiuza, na kila aliyeiona ulimwambia kwamba hii haijaguswa. Ikakuingia kwamba ukiipeleka Marekani ikarudi na namba kubwa, Amur atajua nani mwenye jicho. Ukaenda nayo Ruwi kwa Enos, yule Mkenya wa ofisi ya vifurushi, ukamsihi asimwambie mtu. Enos akaipokea kwa heshima zake zote, akasema, "Mzee, si ungempatia Bwana Amur aweke na zake? Yeye hutuma kila wiki." Ulirudi nyumbani umenuna kama uliyetukanwa.

Kilichofuata Enos hakukikusudia. Kifurushi kiliporudi, kilikuja siku moja na vya Mjomba, na mwenzake wa zamu akavikabidhi vyote Azaiba. Mjomba akaona jina lako, hakukifungua. Akakileta mwenyewe nyumbani Darsait, akakiweka mbele yako. Ungeweza kukitia chumbani. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama, na wewe ukaona haya kuogopa, ukakifungua.

Reale ilirudi bila ya kasha na bila ya namba, ndani ya kimfuko cha nailoni, na maelezo mafupi kwamba imesuguliwa, na iliyosuguliwa haipewi namba. Ukainyanyua mwangani. Ukaiona ile mikwaruzo myembamba uliyokuwa ukiiona kwenye sarafu za watu wote isipokuwa hiyo. Mama yako alikuwa akiisugua kwa jivu na ndimu kila ikikaribia Idi.

"Ulijua?" ukamuuliza Mjomba.

"Nlijua, yakhe. Tangu mara ya kwanza uliponionyesha."

"Na usinambie?"

"Nilikuwa nakuona unavyoitazama. Ningesema nini?"

Mtu mwengine angemkumbatia. Wewe ulimwonea wivu hata kwa ile subira yake. Ukanyanyuka ukamuacha na kahawa yake, na Ramadhani nzima hukumpelekea hata salamu.

Idi ilipofika Mama alipika bokoboko la ngano na nyama, akamwita kaka yake, akawakalisha nyinyi wawili kwenye sinia moja. Sisi watoto tulikuwa sinia la pili na hatukuthubutu kutafuna kwa sauti. Akasema, "Mimi nna kaka mmoja na mume mmoja. Kila mmoja anangoja nichague. Sichagui mtu. Kuleni."

Mkala. Bokoboko likafika nusu ndipo ukasema, bila ya kumtazama, "Si makasha, Amur. Ulinyanyuka kwenye benchi ukenda zako Azaiba, wala hukuniuliza kama nataka kuja."

Mjomba akaacha kula. "Nlidhani utakataa."

"Ningekataa. Lakini ungeniuliza."

Akakuuliza palepale, mkono wake bado una samli, "Shemegi, njoo Azaiba tufanye kazi pamoja."

"Staki," ukasema, ukamsogezea nyama.

Mama akaingia jikoni, na tulipomfuata tulimkuta anacheka na kulia pamoja.

Toka hapo kila Alkhamisi ulikwenda Azaiba, eti unapita tu. Ulizitoa sarafu zake makabatini, ukasoma namba moja moja, ukawasahihisha Wamarekani. Mara nyingi hukukubaliana nao, na mara nyengine ulinyamaza, na Mjomba akajua kwamba hapo wamepatia. Wivu haukukutoka. Wateja wakimngoja yeye, ulikohoa mpaka atoke kuja kukaa nawe.

Hata hospitali uliendelea. Daktari alikuwa akizungumza na Mjomba ukumbini, wanacheka, ukamwita mwanao Sabah karibu umuulize, "Yule mgonjwa wake ni mimi au Amur?" Mjomba alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda chako mpaka mwisho. Kaburini ndiye aliyeshuka kukupokea, na alipokwisha kukulaza watu walimnyooshea mikono apande. Hakupanda upesi.

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja alimwambia Mjomba kwamba sasa hana mpinzani Maskati nzima. Alidhani anamsifu. Mjomba akafunga ofisi mchana, akaja nyumbani, akakaa na Mama mpaka magharibi.

Unakumbukwa na mkeo Muhsina, wanao Sabah na Lujain, shemegi yako Amur, jamaa zako wote wa Darsait na Bustan, Bi Khole, na Enos, ambaye bado anaomba radhi. Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema. Madhali tuhai, Baba, hutatutoka moyoni.