Siku Tuliyotandaza Mikeka Temeke

Mjukuu na mke mwenzangu Salma,

Barua yako ya Mwanza nimesomewa mara mbili. Huku sie wazima, na mama yako mguu umepoa. Unasema bosi wako wa dukani kakwambia huna sauti ya kuuza wala ya kuongoza wenzako. Ati sauti!

Enzi za Mwingereza niliuza mikeka Temeke. Msimamizi wa soko akatuamuru wanawake tuiweke imekunjwa, ati tunaziba njia. Nani anunue mkeka hajaukalia? Hatukuuza kitu. Ya njaa tuyaache.

Asubuhi moja nikautandaza wangu pale pale njiani, nikamwambia mnunuzi, "Karibu ukae." Msimamizi akaja mbio na mabuti yake.

"Kunja!"

"Sikunji. Mgeni kakaa."

Jirani yangu Bi Pili akatandaza wake. Na wengine wakatandaza, hadi mikeka ikamzunguka bwana yule, hana pa kukanyaga. Nikamwambia taratibu, "Hapa hapapitwi na viatu, baba."

Akainama, akafungua kamba za mabuti.

Huyo bosi wako mwambie: bibi yangu sauti hakupaza.

Ni mie bibi yako,
Mwanaidi