Angalia Mpaka Pembeni

Muscat,
Jumanne mchana, duka limefungwa.

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Nakusalimu sana, na kabla sijasema lolote nauliza: goti linaendeleaje? Unameza zile dawa au unazificha chini ya godoro halafu unasema zimeisha? Na mahindi ya shamba la chini yameshatoa ndevu? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni joto, si njaa, kwa hiyo usianze.

Najua utashangaa kupata barua na sisi tunaongea kila Jumapili. Lakini simu yako, Mama, ni ya boma zima. Ukiishika tu, Baba Mdogo anabonyeza spika, shangazi yetu Senje anavuta kiti, na watoto wanaanza kuniimbia. Haya ninayoandika si ya spika. Ndiyo maana nimempa Rehema wa Mumias, ambaye anakuja likizo, akuletee mkononi mwako. Mpikie ingokho, kuku mzima, ale ashibe, na akishaondoka uingie chumbani na miwani yako usome peke yako. Ulifundisha nasari miaka mingi, mwandiko wangu hautakushinda.

Bado niko kwa Bi Salma, kwenye studio ya harusi. Hapa harusi ya wanawake haiangaliwi na mwanamume asiyewahusu, kwa hiyo mpiga picha ni mwanamke, na anayekata na kuunganisha video ni mwanamke, yaani mimi. Babu zake Bi Salma waliishi Unguja, na Kiswahili chake ni cha hariri. Changu kinamchekesha. "Imali, Kiswahili chako chapanda mlima," ananiambia. Saa saba mchana tunafunga mpaka saa kumi, kwa sababu ya jua. Watu wanalala. Barabara inakuwa nyeupe kabisa, huoni hata paka, na kinachosikika ni mitambo ya baridi ikinguruma kwenye kuta. Saa hizo ndizo alizoniruhusu nitumie mashine zake kutengeneza video ya mazishi ya Kaka Shivachi.

Wewe unayajua yote, lakini acha niandike yalivyonifikia mimi, maana niliyapokea vipande vipande. Kwamba ukuta wa shimo la dhahabu uliporomoka Shivachi akiwa chini na mwenzake. Kwamba mwenzake alitolewa amekufa, na Shivachi hakupatikana. Siku kumi na mbili walichimba, maji yakajaa, wazee wakasema basi. Wakakata mgomba, wakauvisha koti lake, wakauzika mahali pake kama tunavyofanya mwili ukikosekana. Kwamba watu wa yule mwenzake walisema Shivachi ndiye aliyelazimisha washuke na udongo umelowa, na wakaapa mbele ya kaburi kwamba hata angetoka hai wasingemwacha. Na kwamba wewe hukuweza kusimama, ulilala ndani siku nzima, hukuliona kaburi.

Kwa hiyo uliponiomba video sikushangaa. Kilichonishangaza ni namna ulivyoomba. Ulinipigia alfajiri kwa simu ya wifi yangu Mmbone, mke wa Shivachi, unanong'ona. "Imali, usimtumie baba yako mdogo kabla wewe hujaiona. Angalia yote. Angalia mpaka pembeni." Nilidhani unataka kazi safi.

Naye Baba Mdogo, aliyenitumia vipande vya mpiga picha, hakuniacha nipumue. Anataka kuionyesha ukutani siku ya ukumbusho, kaburi likishawekwa saruji, mbele ya watu wote, hata wale wa mwenzake Shivachi, eti ndiyo wapatane. "Maliza hiyo firimu, Imali. Watu wananiulizanga kila siku. Na usikate kitu, nataka ile ng'ombe ionekane yote."

Sasa nikueleze kazi yenyewe kidogo, uvumilie. Ukishapanga vipande vyako kwenye kompyuta, bado huna video. Mashine inabidi ivipitie vyote, picha moja moja, ivifanye kitu kimoja. Wenyewe tunaita kurenda. Mimi nitasema kupika, ili tuelewane. Na programu za kupikia ni nyingi, kila moja na tabia zake. Nilijaribu tatu.

Ya kwanza ni ile ya dukani. Ina haraka, ina maua na nyota za kumwagia maharusi, na inakata pande mbili za picha ili ikae vizuri kwenye simu. Niliipa mazishi ikaanza kupika vizuri, ikafika asilimia sitini na tatu, ikasimama. Nikaizima, nikaiwasha, nikaondoa madoido yote. Sitini na tatu. Siku ya pili, sitini na tatu. Nilipotafuta ni wapi hapo, nikakuta ni pale wanapomleta Tarimbo, fahali wa Shivachi, alizunguke kaburi la mwenye wake kama ilivyo desturi. Sikuogopa. Picha moja ikiharibika mashine hugoma, ni mambo ya kila siku.

Nikahamia ya pili. Hii ni mpya na ina akili ya kubuni, ingawa nayo hukata pembeni kama ile ya kwanza. Picha yenye ukungu inaisafisha, na ukitaka mwendo upungue, inachora yenyewe picha za katikati ambazo kamera haikupiga. Ikapita sitini na tatu bila shida. Nikaiambia ipunguze mwendo hapo kwa Tarimbo, kwa sababu nilitaka uione ile nundu yake inavyotikisika. Na nyuma ya pembe zake, kwenye nepia ile, majani marefu ya ng'ombe ya nyuma ya jikoni, alikuwa amesimama Shivachi.

Mama, alikuwa yeye. Meno yake, kovu la kwenye nyusi, shingo kaigeuza kidogo kama anayesikiliza. Nilitoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nikatazama mlango wa duka, umefungwa. Nikatazama tena, bado yupo. Nililia nikamwita jina lake, peke yangu, mchana kweupe.

Bi Salma alikuwa juu akijiandaa kwa sala. Alishuka akatazama, akanishika bega. "Mashine hii yaongeza chumvi, mwanangu. Mwezi uliopita ilimpa shangazi wa bibi harusi vidole sita, wasahau? Umeilisha picha za kaka yako, nayo yakurudishia." Na ni kweli, mwanzo wa video nilikuwa nimeweka picha zake, tangu ile ya kipaimara. Mashine ilikuwa na sura yake tayari. Iliona giza kwenye nepia, ikalijaza.

Lakini wewe unanijua. Sikulala vizuri mpaka nilipochukua programu ya tatu. Hii ni mzee. Haina maua, haina akili, haibuni chochote. Inakupa kamera ilichoona, kwa upana wake wote, bila kukata pembeni. Ubaya ni kwamba dukani haipo, iko kwenye laptopu yangu tu, nayo ina umri wa kuheshimiwa na herufi mbili zimeng'oka. Dakika nane za Tarimbo zilinichukua michana mitatu mizima. Nilizikata vipande vidogo vidogo, nikafunga kila kitu kingine, nikaipandisha laptopu juu ya mikebe miwili ya samaki ili hewa ipite chini, feni pembeni. Kuna kidirisha kinachoonyesha picha inayopikwa. Inatokea moja, inakaa, unahesabu pumzi zako, inatokea nyingine. Hakuna anayekaa kuangalia hayo, watu huenda kunywa chai. Mimi nilikaa. Matanga ya kaka yangu sikuyalala, nikaona haya ndiyo yangu.

Uso haukuwepo. Pale aliposimama palikuwa na majani ya nepia na kivuli tu. Nilishukuru Mungu, na papo hapo nikaumia upya, kana kwamba wamemzika mara ya pili. Nikasema Bi Salma amesema kweli, nimalize nitume.

Halafu nikamwangalia Tarimbo.

Unajua fahali yule hashikwi na mtu. Tangu Shivachi apotee ameshamrusha Baba Mdogo kwenye ua mara mbili. Kwenye video wanaume wawili wanamvuta kwa kamba, anawakokota kama watoto, anaondoka kaburini, anakwenda moja kwa moja kwenye nepia. Watu wanacheka. Sauti ya Baba Mdogo inasikika: "Muwachane nayo! Inatafutanga mwenyewe hiyo." Anafika, anainamisha kichwa, anatoa sikio la kushoto. Anasimama hivyo. Ile namna yake ya kusimama Shivachi akimkuna nyuma ya sikio, macho nusu, mdomo umelegea.

Na sikio linakunjwa, Mama. Nimezipitia picha moja moja. Linakunjwa, linaachiwa, linakunjwa, linaachiwa, polepole. Ncha yake imeingia kwenye majani, siwezi kuona kinacholishika. Nepia haitikisiki hata jani. Upepo haupo, kitambaa cha meza ya mhubiri kimetulia kabisa. Hakuna mtu mmoja kwenye umati anayetazama huko, wote wanawacheka wale wa kamba.

Ningeishia hapo. Lakini nikakumbuka ulivyoniambia, nikaangalia pembeni, upande wa kushoto ambao zile programu nyingine mbili zilikuwa zimeukata na kuutupa.

Pale pembeni kuna mlango wa jikoni yako. Unafunguka. Unatoka wewe.

Wewe ambaye boma zima linasema hukuweza kusimama. Una leso ya manjano na unatembea vizuri, goti halikusumbui. Umebeba sahani mbili, moja imefunikwa na nyingine, na ya chini ni ile ya bluu iliyopasuka ukingo, ya Shivachi, ambayo hukuwahi kumruhusu mwingine kuilia. Unazunguka nyuma ya jikoni, kule nepia inakoanzia, unapotea kwenye picha. Nilihesabu picha mia tatu na kumi. Unarudi. Mikono mitupu. Na kabla hujaingia ndani unasimama, unageuka, unatazama kamera. Hukutazama kaburi. Ulinitazama mimi.

Mama, nimekasirika na nimekupenda kwa wakati mmoja. Sikuulizi alitokaje kwenye lile shimo. Sikuulizi kama alitoka. Najua wako akina mama wanaompelekea chakula mtoto aliye hai anayejificha, na wako wanaompelekea aliyekwisha kwenda kwa sababu mikono haikubali kuacha. Kutoka huku siwezi kujua wewe ni yupi kati yao. Lakini najua mambo mawili. Kama yu hai, video ile ikionyeshwa ukutani mbele ya wale walioapa, tutakuwa tumemkabidhi sisi wenyewe. Na mtu aliyezikiwa mgomba, kwa desturi yetu ameshakufa, hawezi kuingia mlangoni kama aliyekwenda sokoni, kwa hiyo hata kwetu hana pa kukimbilia isipokuwa kwako.

Kwa hiyo nimekata. Flashi aliyobeba Rehema ni ya Baba Mdogo. Ina sala, ina umati, ina ngoma ya isukuti ikilia kwa dakika nane nzima, na Tarimbo anaonekana akiingia tu. Atapiga kelele kuhusu ng'ombe wake. Mwambie mashine iligoma kwenye sitini na tatu, si uongo. Mpiga picha wa mazishi ameshapiga harusi nyingine juu yake kwenye kadi ya kamera, nimemuuliza, na Baba Mdogo alinitumia vipande bila kujiwekea, simu ilikuwa imejaa. Ile asili imebaki kwangu peke yangu. Saruji waache waweke. Najua kilichoko chini ni mgomba na koti.

Nisalimie wifi yangu Mmbone, lakini usimwambie lolote mpaka uwe na la kumwambia. Nisalimie Senje, mwambie leso ziko kwa Rehema, asichague mbili. Msalimie nyanya yetu Kukhu na umwamkie kwa sauti, najua hasikii. Baba Mdogo naye msalimie, kichwa chake ni kigumu lakini shamba ndiye anayelima. Watoto wapatie tende, nusu nusu. Na Tarimbo, ukiweza kumsogelea, mguse sikio la kushoto.

Jumapili nitapiga kama kawaida. Spika itakuwa wazi, wote watakuwepo, nami nitakuuliza kuhusu goti, na mahindi, na mvua. Halafu nitakuuliza kama ile sahani ya bluu bado ipo. Wataona ni mambo ya vyombo tu. Ukiniambia inarudi tupu, nitajua yupo anayekula, na nitaifuta ile asili yote siku hiyo hiyo. Ukiniambia inarudi na chakula chake, sitafuta, kwa sababu nitakuwa sina picha nyingine ya kaka yangu akiwa nyumbani.

Ni mimi mwanao, niliyeangalia mpaka pembeni,
Imali