Baba, Upande wa Kushoto Umekamilika

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumamosi ile ulipoweka mkasi juu ya meza ukasema, "Ngoja ninyooshe mgongo kidogo, upande wa kushoto nitaumalizia jioni." Ukaingia ndani ukalala. Jioni ilifika, wewe hukuamka.

Wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu na hawakukujua waelewe: ulikuwa fundi wa kuchomelea, mtaa mzima ukikuita Cheche. Mageti mengi ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yako, na hakuna hata moja linaloburuta chini. Kondoo ni mbwa wako, chotara wa kizungu mwenye manyoya ya kujiviringa. Manyoya yake hayapukutiki kama ya mbwa wengine. Yanakua tu, na yasipochanwa yanashikana mpaka yanakuwa kama mkeka uliogandishwa kwenye ngozi. Kwa hiyo wiki nzima ulikuwa mtu wa moto na chuma, Jumamosi ukawa mtu wa kitana na mkasi.

Meza yake uliichomelea mwenyewe, ukatandika juu yake mpira wa gari ili asiteleze. Ulimwogesha, ukamkausha kwa mashine ya nywele ya Mama, ambaye mpaka leo analalamika kwamba inanuka mbwa. Kisha ulimchana, ukianzia kwenye ncha na kushuka taratibu mpaka kwenye ngozi. Kitana kikikwama, mkasi haukufunguliwa. "Fundo ukilikata juu juu umelificha tu," ulikuwa ukisema, "kesho litakusuta."

Mgongoni ulipitisha mashine ya kunyolea. Vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi kwa miaka ya moto, havikujua tena kipi kimechemka na kipi kimepoa. Basi kila baada ya muda uliizima mashine ukagusisha meno yake shavuni mwako. Ukikunja uso, tulijua ni wakati wa kungoja ipoe. Miguu uliikata kwa mkasi peke yake, ukirudi nyuma na kufumba jicho moja kama unayepima geti, maana ulitaka isimame kama mabomba.

Uso ulikuwa wa mwisho. Hapo hukumshika ukanda wala shingo. Ulizishika ndevu zake za kidevuni kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayepokea kikombe cha moto, na Kondoo akatulia akafumba macho. Mkasi mdogo wa ncha butu ukatembea kando ya jicho, ncha ikielekea nje siku zote. Sisi wengine tulidhani ni mapenzi tu. Hatukujua kwamba ndevu zile ndizo breki zake.

Watu walikucheka. Mwanamume mzima, fundi wa chuma, anamtengeneza mbwa kama bibi harusi. Jirani wa nyumba ya kona alipita kila Jumamosi na swali lake lile lile: "Fundi, umefungua saluni?"

Hukuinua macho. "Kaa foleni," ulimjibu. Mwishowe ikawa ndiyo salamu yenu.

Siku ya msiba wako Kondoo alikuwa amekatwa nusu. Kulia alikuwa nadhifu, kushoto alikuwa kama godoro lililopasuka. Alizunguka katikati ya waombolezaji akikutafuta, mpaka Shangazi, dada yako, akashindwa kuvumilia.

"Mfungieni huyo. Anaonekana kama shamba lililolimwa nusu."

"Shangazi, Baba hakumaliza," nikamwambia.

"Naona kwamba hakumaliza. Na wageni nao wanaona."

Kaka mkubwa akampeleka duka la kunyolea mbwa, akawaambia watoe yote. Wale hawana kosa, walifanya walichoambiwa. Kaka naye alidhani anakuheshimu. Kondoo alirudi mdogo, ngozi nje, kidevu kitupu bila ndevu, akaingia chini ya meza yako na hapo ndipo akahamia.

Manyoya yakaota tena, kama kawaida yake, lakini hakuna aliyeweza kumkaribia usoni. Tulimshika ukanda, akapiga mateke. Kaka alimshika shingo, akaonyeshwa meno. Dukani nako wakatuambia amewashinda. Mafundo yakaanza nyuma ya masikio, yakashuka mpaka kwapani. Ndipo Kaka akasema, tukiwa tunakunywa chai, mbele ya Mama:

"Mbwa anateseka na sisi tunateseka. Baba akitimiza mwaka huyu hajakubali kukatwa, anakwenda kwa rafiki yangu mwenye shamba. Na ile meza nitaikatakata niuze vyuma."

Mama alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Hatoki mtu hapa," nikasema.

"Huyo si mtu."

"Na hatoki vilevile."

Baba, unamjua kitindamimba wako. Shule yangu iliishia ya msingi, na hata huko sikuwa wa kunyoosha mkono. Lakini kukaa nikatazama naweza. Nilikutazama Jumamosi zote zile nikiwa nimekushikia taulo. Nikaukumbuka mkono wako wa kushoto, nikaona kwamba kilichotupungukia si nguvu, ni ndevu. Basi nikangoja ziote.

"Yaani unangoja ndevu za mbwa?" Kaka aliniuliza.

Ndiyo, nilikuwa nangoja ndevu za mbwa. Na wakati nangoja nilichana. Leo mguu, kesho sikio, keshokutwa ananikatalia namwacha. Yeye hakutaka kutoka chini ya meza, kwa hiyo niliingia mimi. Shangazi alinikuta humo siku moja, miguu yangu tu ikiwa nje, akamwuliza Mama kama sasa anafuga wawili. Mama akamjibu, "Wa pili hali nyama nyingi." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akitania tangu ulipotutoka.

Wapo wanaotuambia mwaka umeshapita, tugawe vitu vyako, tuanze upya. Tunawajibu hapa hapa, kwa maandishi: hatugawi. Wapo wanaosema mbwa hana kumbukumbu. Waje wamwone Kondoo anavyoinua masikio geti likiguswa wakati ule ule uliokuwa ukirudi kutoka kazini. Kifo kilikuchukua wewe bila kubisha hodi. Jumamosi hatukukipa.

Jumamosi iliyopita nilimpandisha mezani. Tukangojana kwanza. Nilianza na upande wa kushoto, ule uliouacha. Mashine niliipima shavuni, ingawa vidole vyangu vinahisi moto vizuri tu, kwa sababu hivyo ndivyo Kondoo anavyojua kwamba mashine imepimwa. Mama akaleta kiti, akakaa. Miguu haikutoka kama mabomba, Baba. Mmoja unafanana na chupa. Utanisamehe, nitaunyoosha safari ijayo.

Ukabaki uso. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto chini ya kidevu chake, sikushika chochote. Nikaacha kiganja wazi. Kondoo akakinusa kwa muda mrefu, halafu akashusha kichwa, akaweka ndevu zake zote mkononi mwangu na kufumba macho.

"Hivyo hivyo," Mama akasema.

Kaka alikuwa ameshafika, na kamba ya kumpelekea mbwa shambani ilikuwa mkononi mwake. Sikumsikia akiingia, geti lako halina kelele. Alisimama akitazama mpaka nikamaliza jicho la pili. Wakati huo jirani wa nyumba ya kona akapita barabarani, akasita. Tangu ulipoondoka alikuwa akipita bila kutuuliza kitu, akitazama mbele kama mgeni wa mtaa. Safari hii aliita, sauti yake ikiwa chini kidogo:

"Jamani. Mmefungua tena saluni?"

Mkasi wangu ulikuwa kwenye nyusi za Kondoo, sikuthubutu kufungua mdomo. Aliyejibu ni Kaka. Aliisokota ile kamba, akaitia mfukoni.

"Kaa foleni," akasema.

Tunaokukumbuka ni Mama, mkeo, aliyeficha mashine yake ya nywele mahali ambapo sote tunapajua, Kaka mkubwa, aliyeahidi kuja kila Jumamosi kushika taulo, Shangazi, ambaye anadai alijua tangu mwanzo, wajukuu zako, mafundi wenzako wa karakana, jirani wa nyumba ya kona, na mimi kitindamimba wako, mwenye mkasi. Kondoo yupo mlangoni, kushoto na kulia sawasawa.

Meza yako iko pale pale ulipoichomelea. Jana hatukukusahau, leo hatukusahau, na yeyote anayengoja siku tutakayokusahau, Baba, akae foleni.