Kuku wa mama mukwe na kidonda changu

Elisabethville, siku ya posho, mvua tangu asubuhi

Mvua inapiga bati kwa nguvu, lakini moyo wangu leo umetulia. Homa imenitoka. Nimekaa kitandani, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha kama nilivyoamriwa. Sikuandika neno tangu nilipopasuliwa. Mtu anaandikaje akiwa na hofu? Mimi siwezi.

Basi niseme yote leo.

Nilipasuliwa ngiri, chini ya tumbo upande wa kuume, mahali ambapo mtu mzima haonyeshi watu. Kupasuliwa kwenyewe kulikwenda vizuri. Lakini lopitalo ilijaa, wengine walilala chini kwenye mikeka, na daktari akapita akasema kila anayeweza kutembea mpaka mlangoni arudi kwake, nyuzi atakuja kutolewa baadaye. Nikatembea. Tena nikatembea kifua mbele, kama askari kwenye gwaride! Masela, yule mtawa anayefunga vidonda, akanisimamisha mlangoni. Nisinyanyue kitu kizito. Nisiguse kidonda na mikono michafu. Kikiwa cha moto, au kikitoa maji, nirudi mbio. Nikasema ndiyo masela, ndiyo masela, na kichwa changu kilikuwa kimeshafika nyumbani.

Nyumbani nilimkuta mke wangu Veronika anafagia mahali palepale mara ya pili na ya tatu. Mama yake alikuwa anakuja na treni ya Bukama kunipa pole.

Sasa, kwetu Baluba mama mukwe si mtu wa kuchezea. Simtazami usoni, sili mbele yake, jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Yeye naye vilevile kwangu. Kijijini ni rahisi, kila mtu ana nyumba yake. Hapa cité, mtaa wa wafanyakazi, tuna vyumba viwili, jiko la nyuma, na pazia moja la maua katikati. Heshima yote ya ukoo inaning'inia kwenye pazia hilo.

Nikaenda gare, stesheni ya treni, kumpokea. Veronika alinikataza, nikamwuliza ni mukwe gani analala kitandani huku mama ya bibi yake anabeba mizigo. Mama akashuka na kikapu cha samaki wa kukausha, bidoni ya mafuta ya mawese, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu, mwenye hasira ya safari nzima. Nikainamisha macho, nikasalimia udongo, nikachukua bidoni.

Nilisikia kitu kinaachia.

Sikusema. Mbele ya mukwe utasema nini? "Mama, naumia hapa"? Afadhali kufa. Ujinga mtupu, lakini ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo siku baada ya siku. Kidonda kikawa cha moto. Kikavimba. Kitambaa kikalowa majimaji ya manjano, nami nikawa najifunga mwenyewe kwa kificho, kile kichafu nakisukuma chini ya godoro. Ndiyo, chini ya godoro! Mimi, karani wa bohari ya treni, niliyesoma kwa mapadri.

Nyumba ikaanza kunuka. Veronika akanusa huku na huku, akaamua ni samaki. Nikamsikia jikoni, kwa adabu yote, akimwambia mama yake:

"Mama, ile samaki yako iliharibika mu treni. Tuitupe."

Ee Mungu wangu. Kumwambia mwanamke wa Bukama kwamba samaki wake ameoza!

 Mama akavuta kigoda chake mpaka kwenye pazia langu, akaanza kusema na kuku. Maana ndivyo tunavyosemeshana mimi na yeye. Maneno yangepitia kwa mtoto, lakini Mungu hajatupa mtoto bado, basi yanapitia kwa kuku.

"Weye kuku, unasikia? Samaki yangu nilikausha na mikono yangu, haiko inanuka vile. Kile chenye kunuka mu hii nyumba kiko pa kitanda, nyuma ya pazia. Bwana yangu alifichaka kidonda ya muguu, haya ilimukamata. Nilimuzika. Ile harufu naijua, kuku. Sitaki mutoto wangu avae nguo nyeusi. Ambia ule muntu."

Nililia. Naandika hivyo bila aibu. Nilikuwa najidanganya kwamba ni joto la kawaida, na sasa mtu amelitaja lile nililoliogopa.

"Kuku," nikasema, "ambia mama niko naogopa. Pa lopitalo banaweza kunipasua tena."

"Kuku, ambia yeye woga haiponyeshake kidonda. Aamuke."

Veronika, aliyesikia yote toka jikoni, alipoinua shuka alipiga kelele, majirani wakatoka. "Unataka kunifanya mujane juu ya haya yako?" Alisema hivyo njia nzima mpaka lopitalo, huku amenishika kiuno nisianguke. Sijawahi kupendwa kwa matusi mengi kiasi kile.

Masela hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alitoa nyuzi kadhaa, akakamua usaha, akaosha, na mimi nikaona nyota mchana. Halafu sindano ya penisilini. Akasema ningekawia kidogo tu, sumu ingeingia katika damu, na huko wao hawana la kufanya. Kitanda hakikuwapo bado. Nikapangiwa kuja kila asubuhi kwa sindano, na saa za mchana na jioni tubadilishe vitambaa wenyewe. Akamfundisha Veronika kuvichemsha, kuvianika juani, kuvipiga pasi ya makaa mpaka viwe moto kabisa, na kunawa mikono kabla ya kugusa chochote.

Veronika akakata shati langu jeupe la misa. Nikanung'unika.

"Unataka shati ao unataka tumbo?"

 Tangu siku hiyo yeye anapiga pasi, na mama anachemsha, nje, nyuma ya jiko. Anageuza vitambaa vyangu ndani ya sufuria na kijiti, uso ameutazamisha kwa jirani, maana ni vitambaa vya mukwe wake. Lakini hajaacha hata kimoja kipoe kabla hakijachemka vizuri.

Sasa nifike leo.

Veronika alikwenda kupanga mstari wa posho, unga na maharagwe yetu ya juma, na mvua ikamkamata hukohuko. Saa ya kubadilisha ikapita. Kitambaa kililowa, kikaanza kuniwasha. Nikasikia kigoda kinavutwa.

"Kuku, Veronika anakawia. Ule muntu ataweza kujifunga yeye mwenyewe?"

"Kuku, ambia mama nitajaribu."

Beseni la maji likapita chini ya pazia. Niliona vidole tu. Halafu sabuni. Halafu sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, ndani yake mabaki ya shati langu, safi, yamekunjwa.

"Kuku, ambia yeye anawe mikono. Sabuni ifike mpaka pa kiwiko."

"Kuku, ambia mama nimenawa."

"Anawe tena."

Nikanawa tena! Mtu mzima. Nikafungua. Kitambaa cha mwisho kilikuwa kimegandamana na nyama. Nikavuta, nikatoa mlio nisioutaka.

"Kinauma, mutoto wangu?"

Nikangoja aseme kuku. Hakusema. Nikatazama dirishani, nikamwona kuku mbali kule, chini ya bati la jiko la jirani, amejikunyata, anakwepa mvua. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu.

"Kinauma, mama," nikasema. "Lakini kidogo."

"Usivute. Lowesha kwanza na yale mayi. Polepole."

"Ndiyo, mama."

"Iko rangi gani?"

"Nyekundu. Nyama mupya. Usaha ni kidogo tu, na hainuke."

 Nikasikia anavuta makamasi, na kwa sauti ndogo sana akasema aksanti, sijui kwa Mungu, sijui kwangu.   Mama yangu mwenyewe alikufa nikiwa mdogo, na ni muda mrefu hakuna mtu mzima aliyeniita mtoto wake.

Nikamaliza kujifunga. Hapo ndipo sote wawili tuliposhtuka, nadhani. Alikohoa, akainua kigoda, na punde nikamsikia nje kwenye mvua akiita kwa nguvu, "Kuku! Kuku, kuja huku!" kama mtu aliyesahau kitu cha lazima.

Veronika amerudi amelowa chapachapa, unga ameukumbatia ndani ya kitenge. Ametazama kitambaa, akauliza nani amefunga vizuri hivi.

"Miye."

"Weye peke yako?"

Nimejifanya nasinzia. Anasema kesho ni siku ya Mungu, tumchinje kuku, ninywe supu nipate damu, kwani aliletwa kwa ajili hiyo. Nimemwambia amwache. Amenishangaa, anafikiri homa imerudi, amenishika paji la uso.

Homa haijarudi. Ila kesho mama ataamka na haya yake, na mimi na yangu. Sasa kuku akiwa ndani ya sufuria, nani ataniuliza kama kidonda kinauma?