Mvua Siku ya Maonyesho

Karama, Dubai

Mjukuu wangu Nekesa,

Nakusalimu wewe na mjomba wako. Mama yako yuko kazini hotelini. Anakohoa kidogo, lakini anakula vizuri. Jana mvua ilinyesha hapa, na jengo zima lilitoka nje kuishangaa.

Umeuliza kama umpeleke ndama wako kwenye maonyesho ya kilimo na mvua yote hiyo. Nimemkumbuka dada yangu mkubwa, Nafula.

Tulikuwa wasichana bado. Siku ya maonyesho, uwanja uligeuka tope tupu. Wenye mifugo walianza kurudi nyumbani, na waamuzi wakajikinga hemani. Nafula alibaki katikati ya uwanja na fahali wake mweusi, akimwimbia taratibu ili asishtuke. Mwamuzi mmoja akamwita, "Msichana, njoo ujikinge!"

"Njooni nyinyi huku," Nafula akajibu. "Hamjaona anavyong'aa akilowa?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja. Yule mwamuzi alivua viatu, akakunja suruali, akamfuata. Kufikia alasiri tulikuwa tunacheza ngoma topeni, wazee kwa watoto.

Fahali wetu alishika nafasi ya tatu tu. Lakini mpaka leo sijaona mtu aliyependeza kama dada yangu siku ile, maji yakimchuruzika usoni, akiwaonyesha wageni mnyama wake kana kwamba jua linawaka.

Uamuzi ni wako, mama. Ila mimi ningekuwa huko, saa hizi ningekuwa nimeshavaa gambuti.

Nyanya yako,
Nasimiyu