Namba Tisa wa Kimbunga Ana Jina Langu

Jumatatu, 28 Julai 2025

Orodha ya Kimbunga Queens imefika leo saa nne asubuhi. Kurasa mbili. Zilitumwa kwenye simu ya Nasma, katibu wetu, naye akanirushia kwa sababu ripoti ya wapinzani ni kazi yangu. Mechi ni Nane Nane, hapahapa Mbinga. Ya kirafiki, ya kujiandaa na msimu — lakini Matengo Queens ndio kwanza tumepanda ligi kuu, na timu inayotoka Dar es Salaam haiji huku kutufanyia urafiki.

Wachezaji ishirini na wawili. Nilianzia juu nikashuka polepole. Namba moja, kipa, mrefu kuliko wote. Namba nne, beki wa kati, miaka thelathini na moja. Namba nane, kiungo, nahodha. Namba tisa: Tereza Placidi Mbunda. Amezaliwa Kitura, Mbinga, 14 Oktoba 2001.

Jina ni langu. Tarehe ni yangu. Kitura ni kwetu. Picha ya pembeni ni ya mdogo wangu, Luisa.

Si kwamba sikujua. Nimejua miaka sita. Lakini sijawahi kulisoma limechapwa, lina urefu, lina uzito, lina magoli kumi na saba ya msimu uliopita.

Nasma akauliza, huyu ni ndugu yako? Nikamwambia akina Mbunda Kitura ni wengi. Akaridhika, au alijifanya.

Niiandike hapa, maana sijawahi kuiandika popote. Desemba 2018 ilikuja barua kutoka kituo cha vipaji. Waliniona kwenye michezo ya shule. Walimtaka Tereza, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kila mtu alijua nitafaulu. Luisa alikuwa na miaka kumi na mitano, shule imemshinda. Baba akampa Luisa barua yangu na cheti changu. Nilikuwa nimekaa hapohapo mezani, nakula.

Sikusema kitu. Hiyo sehemu huwa nairuka.

Jumanne, 29 Julai

Nusu ya timu ilikwenda makwao Jumamosi kuchuma kahawa. Kocha wetu, Mwalimu Vitalis, anawakataza kila mwaka, nao kila mwaka wanakwenda, kwa sababu hakuna mzazi wa Mbinga atakayeelewa neno "mapumziko" mwezi wa saba. Subira, beki wetu wa kulia, ameteleza na debe la kahawa kichwani. Mkono umevunjika.

Mimi huwa naingia mazoezini kujaza namba tu. Leo Mwalimu akaniambia niache daftari, nivae kizibao, nikae beki ya kulia. Nikakaa. Dakika arobaini. Sijui niseme nini kuhusu dakika hizo. Nilikuwa mtu mwenye miguu.

Tulipomaliza akaniita pembeni.

"Nani alikufundisha kugeukia kushoto kila mara?"

"Kiwanja, Mwalimu."

Nikamweleza. Uwanja wetu wa nyumbani uko ubavuni mwa mlima. Upande wa kulia ardhi inakatika. Mpira ukienda huko unaruka kutoka shimo hadi shimo la ngolo, yale tunayochimba mteremkoni kuzuia maji, katikati ya mahindi, mpaka mtoni, na aliyeupoteza ndiye anayeufuata. Ukifuata mara tatu, mara ya nne mwili wenyewe unageukia kushoto.

Mwalimu akasema, "Namba tisa wao naye anageukia kushoto. Nimemwona kwenye video."

Nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Anataka nisajiliwe. Mimi! Dirisha la usajili linafungwa tarehe kumi na tano. Nikakimbia chumbani bila kuwaza, nikaleta nakala ya cheti niliyoombea chuo, nikampa Nasma, akaingiza namba kwenye mfumo. Akaangalia. Akaingiza tena. Kisha akaanza kucheka.

"Shosti, umetuficha. Mtandao unasema wewe ni wa Kimbunga. Mkataba mpaka elfu mbili ishirini na saba. Mshahara unakula na nani?"

Mwalimu hakucheka. Akasema kuna mtu anatumia cheti cha huyu binti, iandikwe barua ya pingamizi, mwenye jina asaini, itumwe kabla dirisha halijafungwa. Nasma akaacha kucheka, akanitazama. Akachapa barua palepale. Mistari sita. Ninayo hapa. Inangoja saini tu.

Alhamisi, 31 Julai

Nimetoka Mbamba Bay. Kimbunga wamepiga kambi kule wiki nzima, wanakimbia mchangani asubuhi na jioni. Mwalimu alinituma nikawatazame. Kazi ya kipelelezi — nikakaa nyuma ya vichanja vya usipa, na daftari, kama mchuuzi anayesubiri dagaa wakauke. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki akaniuliza kama ninahesabu usipa wake. Nikamwambia nahesabu wale wanaokimbia. Akasema, hao ni bure, hesabu tu.

Nilichokiona:

Kipa anapiga ngumi mipira ambayo angeweza kuidaka. Kona zetu zipigwe karibu naye.

Namba nne ana akili, mbio hana. Anajua mahali pa kusimama, basi. Ukimpita mara moja hakufuati, anakutukana.

Winga wa kushoto ni wa kutisha dakika ishirini, halafu anashika kiuno. Na hapo ni ziwani, kwenye joto, chini. Huku juu kwetu, na baridi hii, sijui kama atafika hizo ishirini.

Namba nane ndiye anayeichezesha timu. Hapigi kelele. Ananyoosha kidole, watu wanakwenda.

Namba tisa.

Nitaandika baadaye.

Walikuwa wakimwita tangu nimefika. "Tere! Tere, nyuma yako! Safi, Tere!" Mara tatu niligeuza shingo. Mara ya nne nikakaa juu ya mikono yangu, kama vile ningenyoosha mkono. Wanalitamka vizuri kuliko nyumbani. Nyumbani jina langu ni la kuitwa jikoni.

Walipopumzika akaja. Alikuwa ameniona muda mrefu. Amepanda mwili, mapaja yamejaa, nywele kasuka mistari miembamba ya gharama.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kupeleleza timu nzima."

"Mimi umeniandikaje?"

"Bado."

Akacheka, akakaa chini mchangani, akaanza kuvua soksi. Nikamwambia kuhusu usajili. Nikamwambia kuhusu barua. Sikumficha kitu. Akaacha soksi moja mguuni.

"Baba alisema hutaki mpira."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Mimi nilikuwa na kumi na mitano. Nililia kwenye basi mpaka Songea. Kila mtu akiniita Tere nasahau kuitika, wananiona jeuri. Mwaka mzima."

"Lakini ulizoea."

"Nilizoea." Akanitazama. "Magoli nimefunga mimi, Dada. Jina halijafunga hata moja."

Filimbi ikapigwa. "Tere!" Akainuka na soksi moja, akakimbia.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimemchukia siku nzima. Nimefua, nimemchukia. Nimeandika kuhusu winga wa kushoto, nimemchukia.

Kilichonikaa kooni si magoli. Ni vile alivyokimbia alipoitwa. Hakuwaza.

Jumapili, 3 Agosti

Kitura, baada ya Misa. Baba alikuwa kwenye vichanja, anachambua kahawa, anatoa punje zilizooza. Mama ana wageni wa jumuiya ndani. Nikashika upande wa pili wa kichanja, nikaanza kuchambua nami, maana na Baba huwezi kuzungumza mikono ikiwa mitupu.

Nikamwuliza kwa nini.

"Ulitaka niitupe ile barua?"

"Ningekwenda mimi."

"Ungekwenda wewe?" Hakuinua macho. "Tereza mwanangu. Ulisema mpira ni wa wasio na kichwa. Mbele ya mdogo wako ulisema. Mimi nilimwona sura yake, wewe ulikuwa unakula."

Nilisema hivyo. Neno kwa neno. Nilikuwa nimeshasahau kwa namna ile ambayo mtu anasahau kwa kusudi.

Nikamwambia nimemaliza chuo mwaka mzima sasa na ajira ya ualimu haijatoka, kichwa changu kimekaa bure. Nikamwambia kuna barua ya kusaini, na nikisaini Luisa atafungiwa.

Akachambua. Safu nzima, mpaka mwisho wa kichanja.

"Cheti nilikipeleka mimi. Yeye alikuwa mtoto. Ukisaini, waandikie na jina langu, wasije wakamshika peke yake."

Halafu akaniuliza mechi ni saa ngapi, na kama uwanjani kuna mahali pa mtu mzima kukaa.

Jumatano, 6 Agosti

Nilimpelekea Mwalimu ripoti jana. Kurasa tisa. Leo kanirudishia.

"Kipa umempa ukurasa. Winga anayechoka umempa ukurasa. Namba tisa mistari miwili. 'Ana kasi. Anageukia kushoto.' Hiyo hata muuza karanga wa uwanjani anaijua."

Akanipa mpaka saa kumi. Nikakaa ofisini kwa Nasma, nikaandika.

Nilidhani itakuwa ngumu. Imetoka kama maji. Kabla ya kupokea mpira anatazama begani mara moja, siyo mbili. Akisukumwa haanguki mbele, anakaa. Mguu wa kulia anautumia kujishikilia tu. Akikasirika anashusha soksi. Akichoka anaongea na refa. Hayo yote nayajua kwa sababu nilikuwa nyuma yake, au mbele yake, miaka kumi, na mengine nilimfundisha mimi. Beki anayesimama kushoto kwake nusu hatua, akamwachia kulia, atamsumbua — kwa sababu kulia bado kuna bonde, hata uwanja ukiwa tambarare.

Nikafika kwenye goli lake la mwezi wa nne. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Anageuka kushoto, vizuri, hiyo yetu. Kisha, kabla mguu haujatua, anapiga. Hatazami goli. Kipa bado anahesabu hatua na mpira umeshaingia.

Hiyo haikutoka Kitura. Sikumfundisha. Mimi siwezi. Nilitoka nje na mpira, nyuma ya ofisi, nikajaribu. Mara thelathini na kitu. Nasma alifungua dirisha akauliza ukuta umenikosea nini. Siwezi.

Ningependa iwe jina. Kama ni jina tu, jina linarudishwa kwa barua. Lakini hata ningepanda mimi lile basi la Songea, hiyo isingekuwa yangu. Ni ya Luisa. Nina wivu nayo mpaka meno yananiuma, na hakuna fomu ya kuidai.

Nimesaini barua. Saa tisa na nusu, kalamu ya Nasma. Nimeiacha kwenye droo yake. Nimemwambia asitume mpaka nimwambie.

Mwalimu kasoma ule ukurasa mara mbili amesimama. Akasema, sijawahi kuona mchambuzi anamjua mtu hivi. Kisha: "Mechi ya kirafiki haihitaji mfumo. Inatosha karatasi ya refa. Ijumaa utamkaba wewe."

Ijumaa, 8 Agosti

Saa tisa kasoro. Niko kwenye benchi, nimevaa jezi namba mbili. Wanadhani naandika kuhusu wapinzani.

Ukungu umeondoka lakini baridi ipo. Wale wa Kimbunga wamevaa masweta juu ya jezi, wanarukaruka. Madereva wawili wa makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka wamesimamisha malori barabarani, wamepanda juu ya mabodi kutazama bure. Baba yuko kwenye kamba, upande wa pili, na koti lake la Misa. Kalifunga vifungo vyote. Hajui amtazame nani.

Nasma alikuja na karatasi ya timu. Alikuwa ameandika wote, kabakiza mstari wa pili.

"Nikuandike nani, shosti?" Kwa sauti ya chini, hakutania. "Naweza kuandika jina lolote. Hata Subira. Mkono umevunjika, jina zima."

"Andika langu."

"Karatasi yao inalo."

"Andika langu, Nasma. Yote matatu."

Akaandika. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, kisha akaipeleka kwa refa bila kugeuka nyuma.

Sijui kama nilifanya kwa haki au kwa wivu. Nimejiuliza hapa dakika tano nzima. Nadhani kwa wivu. Jina la Subira lilikuwapo na lilitosha, ningecheza.

Refa ni mama wa Songea, mnene kidogo, mpole. Ana karatasi mbili mkononi. Amesoma yetu. Amesoma yao. Ameweka kidole juu ya moja, na kidole juu ya nyingine. Sasa anainua uso.

"Tereza Placidi Mbunda. Aje hapa."

Benchi lote la Kimbunga limemgeukia Luisa. Nahodha wao amemsukuma bega, nenda basi, unaitwa. Hajaenda. Amesimama kwenye mstari, mikono nyuma, ananitazama mimi.

Refa ameita mara ya pili.

Miaka sita ameitikia jina hilo mbele ya watu. Leo hajaitika. Amefumba mdomo kabisa, naona taya. Mwalimu Vitalis ananiambia, Tereza, ni wewe, husikii? Nimesimama. Mguu mmoja uko juu ya benchi, daftari juu ya goti, naandika nimeinama. Nikiitika, swali litakalofuata ni moja: na huyu wa jezi namba tisa anaitwa nani?

Baba amevuka kamba. Anakuja katikati ya uwanja, anatembea haraka, kofia mkononi.

Refa anaita mara ya tatu. Naweka daftari chini, nakwenda.